Filamu ya Édith Piaf: kipi kilitokea, kipi kilipangwa, kipi kiliachwa

Usiku wa tarehe 26 Julai 2024, Paris ikiwa imelowa mvua, Celine Dion alisimama kwenye Mnara wa Eiffel akafunga sherehe za ufunguzi wa Olimpiki kwa wimbo Hymne à l'amour. Haukupita muda, simulizi ikaanza kuzunguka mitandaoni: kwamba wimbo ule mwimbaji wa Kifaransa Édith Piaf aliutunga kumlilia mpenzi wake, bondia Marcel Cerdan, aliyekufa kwenye ajali ya ndege. Ukimuuliza msimuliaji amelijulia wapi hilo, mara nyingi jibu ni moja: mbona lipo kwenye filamu?

Filamu inayotajwa ni ile ya mwaka 2007 iliyoongozwa na Olivier Dahan. Wafaransa waliiita La Môme, nchi nyingine zikaipokea kwa jina la La Vie en rose. Ni filamu nzuri sana, na mimi ni miongoni mwa wanaoipenda. Lakini tazama tarehe. Piaf aliuimba wimbo huo mbele ya watu mjini New York mwezi Septemba 1949. Ndege ya Cerdan ilianguka kwenye visiwa vya Azores tarehe 28 Oktoba 1949. Maneno ya Piaf na muziki wa Marguerite Monnot vilikuwa vimeshakamilika na kusikika bondia akiwa mzima wa afya.

Basi filamu imedanganya? Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Kuna wanaosema "nimeona kwenye filamu" kana kwamba wametoa hati ya mahakama, na kuna wanaopunga mkono: "achana nazo, filamu zote uongo mtupu." Wote wawili wanarahisisha mno, na tukio hili la Cerdan linaonyesha kwa nini.

Kwenye filamu ni asubuhi, Piaf yuko kitandani. Cerdan anaingia, anamwamsha, wanakumbatiana. Piaf anatoka chumbani kwa furaha kwenda kumletea kahawa na kutafuta saa ya mkononi aliyomnunulia, anawafokea watu wake kwa kuwa wamesimama tu wamenuna. Kamera inamfuata chumba hadi chumba bila kukatika hata mara moja. Kisha wanamwambia: ndege imeanguka. Anakimbia kurudi chumbani, kitanda ni kitupu. Analia, anayumba kwenye korido, na korido ile ile inamfikisha jukwaani, mbele ya watazamaji, na Hymne à l'amour inasikika.

Sasa pima kipande kwa kipande. Cerdan aliyeingia chumbani ni wa kubuni, ni ndoto, na filamu yenyewe inakuambia hivyo dakika chache baadaye. Kwamba Piaf alipanda jukwaani usiku ule ule, kwenye klabu ya Versailles mjini New York, ni kweli. Kwamba aliuimba wimbo huo usiku ule ni kweli pia. Hakuna mahali filamu inaposema "aliutunga kwa sababu ya msiba". Hitimisho hilo tumelifikia sisi watazamaji, kwa kuwa kilio kimewekwa hapa na wimbo ukawekwa pale, bila kitu katikati. Akili ya binadamu ikiona mambo mawili yamefuatana, haraka inafanya la kwanza kuwa sababu ya la pili. Waongozaji wanajua hilo, na nusu ya kazi yao imesimama juu yake.

Kuna jambo jingine linalomezwa na tukio lile. Cerdan hakuwa akivuka bahari kwa ajili ya mapenzi peke yake. Mwezi Juni mwaka ule alikuwa amepoteza mkanda wa dunia wa uzito wa kati kwa Jake LaMotta mjini Detroit, na pambano la marudiano lilikuwa limeshapangwa kufanyika Marekani. Alikuwa mwanamume mwenye mke na watoto watatu wa kiume. Na ndani ya ndege ile walikufa watu 48, akiwemo mpiga fidla maarufu Ginette Neveu. Kwenye filamu ni kana kwamba alikufa mtu mmoja.

Tuweke maana ya maneno kabla hatujaenda mbali. Filamu ya hali halisi hutumia watu wenyewe, sauti zao, picha zao na mahali pao. Ile ya mwaka 2006 kuhusu Bi Kidude wa Zanzibar ni ya aina hiyo, na unayemwona akivuta sigara na kupiga ngoma ni Bi Kidude mwenyewe. Filamu ya wasifu ni kitu tofauti. Mtu ni wa kweli, lakini anaigizwa na mtu mwingine, maneno yanaandikwa na mwandishi, na matukio yanapangwa ili yatoshe ndani ya saa mbili. Undugu wake ni na kitabu cha wasifu, kama Shaaban Robert alivyoandika wa Siti binti Saad, ila mwandishi wa kitabu anaweza kusimama akasema "wengine husimulia hivi, wengine vile". Kamera haina nafasi hiyo. Lazima ichague moja na kuionyesha kama ndiyo iliyotokea.

Mfano wa karibu kwetu ni ule wasifu wa marehemu unaosomwa msibani. Ndugu mmoja mwenye sauti nzuri anasimama na karatasi: alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa, akajaliwa watoto. Kila sentensi ni ya kweli. Lakini waliomjua marehemu wanatazamana kwa pembeni, kwa kuwa ile miaka sita aliyokuwa Mwanza haikutajwa, na mama yule aliyeketi nyuma kabisa na watoto wawili hakutajwa kabisa. Aliyesoma hakudanganya. Alichagua. Filamu ya wasifu nayo, kabla hujauliza imebuni nini, iulize imeruka nini.

Kwa Piaf, kilichorukwa ni vita.

Alizaliwa Paris tarehe 19 Desemba 1915 kwa jina la Édith Giovanna Gassion, akafa tarehe 10 Oktoba 1963 kule kusini, karibu na Grasse, akiwa na miaka 47. Wajerumani waliikalia Paris kuanzia Juni 1940 hadi Agosti 1944, na hiyo ndiyo miaka aliyokua kutoka mwimbaji anayesifiwa hadi nyota kamili. Miaka ile haikuwa ya kimya kwake. Aliimba kwenye kumbi ambazo maofisa wa Kijerumani waliketi kama watazamaji. Alisafiri hadi Ujerumani kuwaimbia wafungwa wa kivita wa Kifaransa. Simulizi maarufu inasema alipiga picha za pamoja na wafungwa hao, kisha picha zikatumika kutengeneza hati bandia za kuwasaidia kutoroka. Katibu wake, Andrée Bigard, alikuwa kwenye mtandao wa wapinzani wa Wajerumani. Piaf mwenyewe alimsaidia kujificha mtunzi wa muziki Norbert Glanzberg, aliyekuwa Myahudi. Baada ya ukombozi aliitwa mbele ya kamati iliyowachunguza wasanii kwa kushirikiana na adui, akatoka bila lawama.

Hapo kuna filamu nzima. Kuna hofu, kuna maswali mazito kuhusu msanii anayeendelea kula mkate wake chini ya utawala wa mvamizi, kuna ujasiri ambao mpaka leo wanahistoria wanabishana kuhusu ukubwa wake. Dahan ameipita miaka hiyo karibu yote. Sidhani ni kwa kuficha. Alitaka kuchora mwanamke na sauti yake na majeraha yake, na siasa ingemharibia picha. Lakini mtazamaji anayetoka ukumbini akidhani ameyajua maisha ya Piaf amekosa miaka minne ambayo Mfaransa wa umri wake asingeweza kuisahau.

Mbinu ya pili ni kuvuruga mpangilio, na filamu hii inaitumia kuliko nyingi. Inaanza na Piaf akianguka jukwaani New York mwaka 1959, inarudi utotoni, inaruka mbele, inarudi tena. Wengine huchoka na kuona ni fujo. Kuna mahali mvurugo huo una kazi kubwa, na wengi hawaigundui. Piaf alikuwa na mtoto mmoja tu, Marcelle, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufa Julai 1935 kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa na miaka miwili. Ni miezi michache tu baada ya msiba huo ndipo Louis Leplée, mwenye klabu ya Le Gerny's karibu na Champs-Élysées, alipomsikia akiimba barabarani na kumpa jukwaa na jina la kisanii: La Môme Piaf, kinda shomoro. Ukisimulia kwa mpangilio wa kalenda, yule msichana anayeimba barabarani kwa sauti ya kupasua mawe ni mama aliyetoka kuzika. Filamu haikuambii. Inamficha mtoto mpaka mwisho kabisa, Piaf akiwa kitandani anakata roho, ndipo Marcelle anatokea. Tukio lenyewe ni la kweli. Kilichohamishwa ni mahali pake kwenye hadithi, nalo kwa kuhamishwa huko limegeuka kuwa siri aliyoibeba maisha yote.

Mbinu nyingine ni kuwakusanya watu wengi ndani ya mhusika mmoja. Utotoni Édith aliachwa kwa bibi yake mzaa baba huko Bernay, Normandy, na bibi huyo alikuwa akiendesha danguro. Hilo si la kubuni. Alipata ugonjwa wa kioo cha jicho, akakaa muda bila kuona vizuri, na wanawake wa pale ndio waliomlea. Kwenye filamu, mapenzi yao yote yamepewa sura moja, ya Titine, aliyeigizwa na Emmanuelle Seigner. Ukienda kumtafuta Titine huyo kwenye historia utapoteza muda wako. Binafsi naona mbinu hii haina madhara makubwa: wanawake kumi wa danguro wakionyeshwa sekunde chache kila mmoja, hutamkumbuka hata mmoja.

Lakini kuna tabaka gumu zaidi, nalo halikutengenezwa na filamu. Piaf alikuwa ameshajitungia hadithi yake kabla kamera haijafika. Nenda mtaa wa Belleville, Paris, namba 72, utakuta kibao ukutani kikisema kwamba kwenye ngazi za nyumba ile ndipo alipozaliwa, katika ufukara mkubwa kabisa. Cheti chake cha kuzaliwa kinataja hospitali ya Tenon. Kibao kiko wazi mtaani kwa kila mtalii kukipiga picha. Cheti kiko kwenye makabrasha. Ndivyo ilivyo pia kwa kupona macho. Simulizi inasema wanawake wa danguro walichangishana wakampeleka hija Lisieux, kwenye kaburi la mtawa Teresa, na macho yakafunguka. Huenda walikwenda, watu walikuwa wakihiji pale hata kabla Teresa hajatangazwa mtakatifu mwaka 1925. Daktari angekuambia kwamba ugonjwa ule unaweza kupona kwa matibabu na muda. Piaf mwenyewe aliamini muujiza na kumheshimu Teresa mpaka kufa. Je, mwongozaji aonyeshe imani ya mhusika wake au maoni ya daktari? Dahan amechagua imani, na sioni kosa, mradi ujue unaangalia kwa macho ya nani.

Halafu kuna Mômone. Huyu rafiki wa mitaani, aliyeigizwa na Sylvie Testud, ni Simone Berteaut, mtu wa kweli. Mwaka 1969, Piaf akiwa ameshafariki, Berteaut alitoa kitabu akijiita dada yake wa upande wa baba. Kiliuzwa sana, na ndugu wa Piaf wakakipinga vikali. Piaf naye alikuwa amesimulia maisha yake kwenye vitabu viwili, kimoja mwaka 1958 na kingine kilichotoka baada ya kifo chake, na havikubaliani kwa kila jambo. Kwa hiyo mtu anaposema filamu imepotosha "ukweli", muulize ukweli upi: wa cheti, wa kibao, wa Berteaut, au wa Piaf wa 1958?

Swali linaloulizwa kuliko yote ni hili: Marion Cotillard, aliyemwigiza Piaf, aliimba mwenyewe? Hapana. Sauti nyingi unazozisikia ni rekodi za Piaf mwenyewe. Pale ambapo rekodi hazikupatikana au hazikufaa, kama nyakati za ujana na kuimba barabarani, aliimba Jil Aigrot, mwimbaji ambaye sauti yake inakaribiana mno na ile ya Piaf. Cotillard alifanya kile ambacho mashabiki wetu wa muziki hukicheka kwenye tamasha, yaani pleibeki. Ila usiifananishe na ya msanii mvivu. Mtazame shingo. Msuli unakaza kabla noti haijapanda, pumzi inaingia pale pale Piaf alipoivuta, ulimi unagonga ile herufi r yake ya kukwaruza kwa wakati wake. Alikuwa mwanamke wa karibu sentimita 169 akimwigiza mtu aliyefika kama sentimita 147 hivi, na alijikunja mabega na kujipunguza mpaka unasahau. Walimnyoa nyusi na nywele za mbele. Kwa Piaf wa miaka ya mwisho alikaa saa nyingi kwenye kiti cha wapambaji. Aliipata Oscar ya mwigizaji bora wa kike mwaka 2008, ya kwanza kutolewa kwa uigizaji wa Kifaransa, na wapambaji nao wakapata yao.

Wengine hutazama yule kikongwe wa mwisho, aliyepinda na nywele zimemwisha, wakadhani wapambaji wamezidisha chumvi. Mtu wa miaka 47 hawi hivyo. Tafuta picha zake za mwaka 1963. Ajali za gari, mofini aliyoizoea kutokana na maumivu, pombe, baridi yabisi na ini lililoharibika vilikuwa vimemmaliza. Hapa filamu haikutia chumvi hata kidogo.

Wimbo unaofunga filamu, Non, je ne regrette rien, nao umejengewa uzushi wake. Watu husema aliuandika kama wasia. Hakuuandika. Muziki ni wa Charles Dumont na maneno ni ya Michel Vaucaire, na ulikuwepo kwa miaka kadhaa kabla haujamfikia mwaka 1960. Aliuchukua, akasema haya ndiyo maisha yangu, akauimba kwenye ukumbi wa Olympia uliokuwa karibu kufilisika, na maonyesho yake yakauokoa. Kwa La vie en rose ni kinyume chake: maneno ni yake kabisa, na muziki umeandikishwa kwa jina la Louiguy kwa sababu Piaf hakuwa amesajiliwa kama mtunzi wa muziki kwenye chama cha hakimiliki cha Ufaransa.

Kuna aina ya kubadilisha ambayo mimi siivumilii kirahisi, na kwa bahati mfano wake mzuri unatoka kwa kijana wa Mji Mkongwe. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 na baadaye kuitwa Freddie Mercury, alitengenezewa filamu mwaka 2018. Ndani yake anawaambia wenzake kwamba ana virusi vya Ukimwi kabla ya tamasha la Live Aid la Julai 1985. Inakubalika kwa kawaida kwamba alithibitishiwa ugonjwa mwaka 1987. Tamasha limeongezewa uchungu ambao siku ile haukuwepo, na mamilioni ya watazamaji sasa wanaamini mtu aliimba pale huku akijua anakufa. Dahan, kwa habari ya Marcelle, alihamisha mahali pa kumbukumbu. Waliotengeneza filamu ya Mercury walihamisha tarehe ya ugonjwa. Si jambo moja.

Anayeruhusu haya yote ni nani? Kwa kawaida ni wenye nyimbo. Mwimbaji bila nyimbo zake hana filamu, na wimbo una haki mbili zinazolipiwa mbali mbali: ya aliyetunga na ya mwenye rekodi. Warithi wakikataa, au mwigizwaji yuko hai na mwongozaji anataka uhuru wake, hupatikana njia ya kando. Valérie Lemercier aliigiza maisha ya Celine Dion kwenye filamu yake lakini mhusika akamwita Aline. Warithi wakikubali, mara nyingi wanakaa mezani, na wanachokipenda wao ndicho kinachobaki. Wakati mwingine huingia hadi kwenye picha yenyewe. Claude Lelouch alipotengeneza filamu ya mapenzi ya Piaf na Cerdan mwaka 1983, mwigizaji wake mkuu alikuwa amejiua mwaka mmoja kabla, na nafasi ya Cerdan ikachukuliwa na mtoto wake, Marcel Cerdan mdogo, bondia naye. Mtoto akamwigiza baba yake akimpenda mwanamke ambaye si mama yake. Hakuna mwandishi angethubutu kubuni hilo.

Mwezi Novemba 2023, Warner Music ilitangaza mradi mwingine kwa ridhaa ya wasimamizi wa urithi wa Piaf: filamu ya katuni ya takriban saa moja na nusu, ambamo msimuliaji ni Piaf mwenyewe, kwa sauti iliyotengenezwa na akili mnemba baada ya kulishwa rekodi zake za zamani. Kwenye filamu ya Dahan uso ulikuwa wa kuazima na sauti, sehemu kubwa, ilikuwa ya marehemu. Ukitaka kujua kipi ni kipi unasoma majina ya mwishoni. Hapa sauti itasema "mimi", itataja tarehe na sababu, na itakuwa inasoma karatasi iliyoandikwa na watu wengine miaka sitini baada ya yeye kuzikwa Père Lachaise.